Kipepeo ya usiku yenye kuvizia bukari yetu

Mvula ikianza, watoto wa cité wanaweka beseni ya maji chini ya ampoule na kungojea inswa. Hiyo kazi kila mtu hapa anaijua. Lakini angalieni vizuri: katikati ya inswa mutakuta kipepeo kidogo ya rangi ya majivu, mabawa yake yakifunguka ni karibu sentimita 4. Dume iko na alama nyeupe ku ncha ya bawa. Jike haina kitu cha kuonyesha, na yeye njo mubaya zaidi: anaweza kutaga mayai kupita 1 000.

Ni mama ya kile kidudu chenye kwa Kifaransa wanaita chenille légionnaire. Kilitoka Amerika. Huku Afrika walikitambua mara ya kwanza mwaka 2016, na haikupita muda kikafika Kongo. Kipepeo hii inaweza kuruka kilometa 100 kwa usiku moja. Na hapana, si ndugu ya vile vidudu tunanunua ku soko kwa kula. Hiki njo kinatukula sisi: kazi ya mine ikisimama ao mshahara ukichelewa, muhindi ya nyuma ya nyumba njo inashika jamaa.

Basi ile beseni ya inswa itusaidie. Weka taa kando ya shamba, si katikati, maana taa inaita. Courant ikikatika, jaribu hata torche ya kichwa ya baba. Mu maji tia sabuni kidogo, kipepeo ikigusa isitoke tena. Asubuhi hesabu. Beseni haitavimaliza, inatupa habari tu. Ukiona vinaongezeka, ingia shamba mbele jua halijapanda, geuza majani. Mayai yanalala pamoja, yamefunikwa na kitu kama pamba, na yanapasuka kisha siku 2 ao 3. Hapo kidole kinatosha.

Kidudu kikiisha kuingia mu moyo wa muhindi, hata dawa haikifikie vizuri. Utakitambua kwa Y yenye kupinduka ku kichwa na madoa 4 karibu na mkia, kama pembe za sanduku. Wengine wanamwanga majivu ao mchanga mule ndani. Lakini dawa isiyo na karatasi, yenye wanauza mu chupa ya maji ya kunywa, tusiiingize mu nyumba yenye watoto.