Tukague Miti ya Nyumbani Kabla ya Mvua za Septemba

Kampala hupata mvua kubwa mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Kati ya misimu hiyo zimo wiki chache za ukavu, nazo ndizo tunazowaomba wananchi wazitumie kutazama miti iliyosimama karibu na nyumba zao. Dhoruba ikishaanza, kazi inayobaki ni ya kikosi cha Zimamoto na Uokoaji, ya madaktari na, nyakati nyingine, ya askari anayeandika taarifa ya kifo.

Jiji letu limejengwa juu ya vilima kando ya Ziwa Victoria. Mawingu yanayojikusanya juu ya ziwa usiku mara nyingi hutufikia alfajiri, watu wakiwa bado vitandani. Yale yanayozaliwa juu ya nchi kavu hupasuka alasiri, wakati watoto wanatoka shule. Kabla ya matone ya kwanza, hewa baridi hushuka kutoka winguni na kusambaa juu ya ardhi kwa nguvu. Upepo huo hudumu dakika chache tu, lakini huja ghafla, na huweza kuusukuma mti kutoka upande ambao haukuzoea kusukumwa.

Hata hivyo, upepo peke yake hauelezi kwa nini mti mmoja huanguka na jirani yake ukabaki umesimama. Mara nyingi mti ulioanguka ulikuwa umekwisha kudhoofishwa na mkono wa binadamu. Wengi hudhani kwamba mizizi huzama ardhini kwa kina kinacholingana na urefu wa shina. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi hukaa katika sentimita 60 za juu za udongo, nayo hutambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Sasa tutazame jinsi tunavyojenga. Mtu hununua kiwanja kwenye mteremko wa Makindye au Muyenga, huleta tingatinga kusawazisha ardhi, huchimba msingi wa ukuta hatua mbili kutoka kwenye mwembe wa zamani, kisha hutandaza matofali ya zege hadi kwenye shina. Mti huo utaendelea kuwa wa kijani na hata kuzaa, lakini umekwisha kupoteza mizizi ya upande mzima. Ni hema lililong'olewa vigingi vya upande mmoja, likingoja upepo.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie chini, wala si juu. Zunguka shina polepole. Je, udongo umepasuka au kuinuka upande mmoja? Je, kuna uyoga unaoota kwenye mizizi au chini ya shina? Uyoga huo ni dalili ya kuoza ndani, hata kama majani yote ni mazima. Gonga shina kwa nyundo ya mbao. Mlio wa ngoma unaonyesha kwamba ndani mna uwazi. Mti ulioinama tangu ujana wake huenda usiwe na hatari kubwa. Unaopaswa kukutia wasiwasi ni ule uliokuwa umenyooka mwaka jana na sasa umeinama. Baada ya hapo inua macho utafute matawi makavu, na pale shina linapogawanyika pande mbili, uangalie panda yake. Panda iliyobana sana, yenye gome lililofinywa katikati, hupasuka kwa urahisi kuliko ile iliyo wazi.

Aina ya mti nayo ina maana. Mparachichi, unaopendwa karibu katika kila uwanja wa mji huu, una mbao dhaifu na mizizi ya juujuu, nao hubeba mzigo mzito wa matunda. Mkaratusi hukua haraka na huweza kuangusha matawi makubwa. Umri mkubwa pia si kinga. Mnamo tarehe 24 Mei 2023 dhoruba iliuangusha msufi mashuhuri wa Freetown, Sierra Leone, mti uliokadiriwa kuwa na umri wa karibu miaka 400 na uliochorwa hadi kwenye noti za nchi hiyo.

Ili kujua kama mti unaweza kuifikia nyumba, huhitaji vifaa vya mpima ardhi. Chukua kijiti chenye urefu sawa na mkono wako ulionyooshwa, kishike wima mbele ya jicho, kisha rudi nyuma mahali palipo tambarare mpaka kijiti kiufunike mti wote kutoka chini hadi kileleni. Umbali kutoka hapo ulipo hadi kwenye shina unakaribiana na urefu wa mti. Pima umbali huohuo kutoka kwenye shina kuelekea chumba wanamolala watoto.

Kuhusu kupogoa, kosa lililoenea zaidi mjini ni kuukata mti kichwa chote na kuuacha kama nguzo. Machipukizi yanayofuata huota mengi na kwa haraka, lakini yamejishika kwenye gome tu. Baada ya miaka michache ndiyo yanayoangukia mabati. Afadhali kuondoa matawi makavu, yaliyopasuka na yanayolalia paa, bila kupunguza zaidi ya robo ya matawi yote kwa mwaka mmoja. Tawi zito likatwe kwanza kwa chini kidogo, kisha kwa juu mbele zaidi, na kisiki chake kimaliziwe karibu na shina bila kujeruhi uvimbe ulio kwenye shina la tawi. Kazi ya kupanda juu na msumeno wa injini iachiwe mwenye ujuzi na kamba. Kijana wa mtaani aliyeshika panga, hata akikubali malipo madogo, si fundi wa kazi hiyo.

Lipo jambo moja linalotusumbua sana sisi wa polisi: mti wa hatari mara nyingi si wa yule anayelala chini yake. Mpangaji wa chumba kimoja huko Kawempe hana mamlaka ya kuukata mti wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba huenda anaishi mbali. Tunamshauri mpangaji aandike barua fupi yenye tarehe, aipeleke kwa mwenye nyumba na nakala kwa mwenyekiti wa LC1, na kubaki na nakala yake. Barua hiyo huondoa kisingizio cha "sikuambiwa". Kwa majirani utaratibu ni huohuo, wakianza kwa mazungumzo. Anayeruka ukuta usiku na kuukata mti wa mwenzake anaharibu mali kwa makusudi, nalo ni kosa la jinai, hata kama hofu yake ilikuwa ya haki. Afisa wa mahusiano ya jamii katika kituo chenu anaweza kuwakutanisha kabla mambo hayajafika huko.

Miti ya kando ya barabara iko chini ya Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala; taarifa ipelekwe kwenye ofisi ya divisheni yako. Tawi lililogusa waya wa umeme lisiguswe na mtu yeyote isipokuwa mafundi wa UEDCL, kampuni iliyochukua usambazaji wa umeme kutoka kwa Umeme mwezi Aprili 2025.

Dhoruba ikikukuta njiani, usijikinge chini ya mti, wala usiegeshe pikipiki hapo. Radi na matawi havichagui. Ukiwa nyumbani, wahamishe watu kutoka vyumba vinavyoelekea kwenye mti mkubwa. Mti ukianguka pamoja na waya, kaa mbali angalau mita 10 na uwazuie watoto na wanaotafuta kuni, maana waya ulio kimya unaweza kuwa na umeme. Piga 999 au 112 bila malipo. Taja divisheni, mtaa, na alama inayoonekana barabarani, kama vile msikiti, kanisa, shule au kituo cha mafuta, kisha useme kama kuna mtu aliyenaswa na kama waya umekatika, kwa kuwa majibu hayo mawili ndiyo yanayoamua ni gari gani litatangulia kutoka kituoni.