Cabo Delgado: Oili inayovuja kwenye injini kuukuu ya dizeli hutoka wapi?

Tangu uasi wa silaha ulipoanza Mocímboa da Praia mnamo Oktoba 2017, gari kuharibika njiani si usumbufu mdogo tena katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Kati ya mji huo na Palma, dereva hana hakika ya kupata fundi wala usalama. Kwa hiyo, tone la oili chini ya Land Cruiser au Hilux ya zamani lastahili kuchunguzwa kabla ya safari.

Oili hutiririka kwenda chini na kusukumwa nyuma na upepo. Aghalabu inapodondoka sipo inapotoka. Wengi hubadilisha gasketi ya sampu ilhali kasoro iko juu, kwenye kifuniko cha valvu. Osha injini ikiwa imepoa, iache ikauke, endesha kwa muda mfupi, kisha kagua kuanzia juu. Katika injini kadhaa za dizeli za Toyota, usiusahau mpira unaopeleka oili kwenye pampu ya vakyumu ya breki, nyuma ya alteneta. Miaka na joto huukakamaza hadi ukapasuka.

Kabla ya kununua sili yoyote, tazama bomba la kupumulia la injini. Gesi hupenya kando ya ringi za pistoni. Bomba likiziba, shinikizo huisukuma oili hata kupitia sili nzima. Kulizibua ni kazi nyepesi. Lakini moshi ukitoka kwa nguvu ilhali bomba ni safi, yaelekea ringi zimekwisha, na sili mpya haitadumu.

Sili ya nyuma ya krenki ndiyo yenye taabu, kwani sharti giaboksi ishushwe. Oili ikifika kwenye klachi, huteleza, na gari hukosa nguvu katika miinuko kama ya kuelekea Mueda. Sili kuukuu ikiwa imechimba mfereji kwenye chuma, fundi hodari huikalisha mpya kando kidogo ya alama hiyo. Nayo silikoni, kipenzi cha gereji nyingi, ipakwe kwa uchache: vipande vinavyobanduka ndani huweza kuziba chujio la pampu ya oili.

Ikibidi kusafiri kabla ya matengenezo, beba oili ya akiba na upime mara kwa mara, gari likiwa mahali tambarare. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini: bila shinikizo, beringi za krenki huweza kuungua katika dakika chache.