Mtoto aliyebebwa mimba wakati wa vita hana laana



Mara nyingi baada ya ibada mama mmoja hunivuta kando na kuuliza: "Mchungaji, mtoto huyu nilimbeba tukikimbia vita. Je, damu yake imeharibika?" Swali hili linastahili jibu la wazi.

Mwaka 2012 Connie Mulligan na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika Goma kwa akina mama 25 na watoto wao wachanga. Mateso ya mama wakati wa mimba yalionekana kuendana na uzito mdogo wa mtoto, na pia na alama fulani kwenye jeni NR3C1, inayosaidia mwili kukabili mshituko.

Alama hizo ni nini? Fikirini Biblia mbili za chapa moja. Maneno ni yale yale, ila mwenye moja amepiga mistari hapa, mwenzake pale. Ndivyo ilivyo mwilini. Herufi za urithi hazibadiliki, lakini vitu vidogo vya kemikali viitwavyo metili huonyesha jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Elimu hii huitwa epijenetiki.

Lakini si vita peke yake inayoweka alama. Metili hukaa hasa pale herufi C inapofuatwa na G. Mtoto aliyerithi A badala ya G hiyo, alama inakosa mahali pa kukaa. Ndiyo maana mapacha wa yai moja hufanana kwa alama kuliko mapacha wa mayai mawili. Katika damu, urithi hueleza kwa wastani karibu 20% ya tofauti za alama kati ya watu. Zinazobaki hutokana na umri, moshi wa tumbaku, magonjwa, maisha ya mtu, na mengine yanayotokea tu ndani ya seli.

Kwa hiyo watoto wawili waliozaliwa kambi moja, usiku mmoja, hawatakuwa na alama sawa. Tena akina mama 25 ni wachache, na mambo mawili kuendana si hukumu juu ya mtoto yeyote. Alama nyingine hubadilika kadiri anavyokua.

Ezekieli 18 inakataa kumbebesha mtoto mzigo wa wazazi. Basi tuache majina ya kuwatenga watoto hawa. Na wamama wa kanisa wawafikie wajawazito walioko kambini: wawapelekee chakula, wawasindikize kupima mimba kwenye kituo cha afya, wawasikilize bila haraka.