Gunia la Bugendana na vipimo 100 vya mwanga

TUSEME umenunua magunia kumi ya maharage Bugendana, mkoani Gitega. Mizani ya sokoni imesoma kilo 100 kwa kila gunia. Unapita Muyinga, unafika mpakani Kobero, na upande wa pili, Kabanga, mnunuzi wako Mtanzania anapima magunia yaleyale: kilo 97 kila moja. Kilo 30 zimeyeyuka. Maharage hunywea kidogo njiani, lakini si kilo tatu kwa gunia ndani ya siku moja. Unaomba yapimwe tena, na tena. Ni 97 tu. "Unaona?" anasema mnunuzi. "Mizani yangu haibadiliki."

Hoja yake ina nguvu, ila ina tundu. Mizani inayorudia jibu moja inaonyesha kwamba haiyumbi. Haionyeshi kwamba inasema kweli. Walioligundua hilo kwa gharama kubwa si wafanyabiashara bali wanasayansi waliohangaika kwa karibu miaka 300 kupima kasi ya mwanga.

Mwaka 1676, Ole Rømer, Mdenishi aliyekuwa Paris, alitazama mwezi mmoja wa sayari ya Jupita na kusema mwanga huchukua dakika 22 kukatiza upana wote wa njia ya dunia kulizunguka jua. Leo tunajua ni pungufu kidogo ya dakika 17. Mwaka 1849 Mfaransa Fizeau, kwa gurudumu la meno lililozunguka kasi, alipata takriban kilomita 315,000 kwa sekunde. Mwenzake Foucault akapata 298,000 mwaka 1862.

Kisha akaja Albert Michelson, ofisa wa jeshi la majini la Marekani mwenye umri wa miaka 26. Mwaka 1879, mjini Annapolis, alipima mara 100. Kipimo cha chini kilikuwa 299,620 na cha juu 300,070. Wastani wa vyote ulikuwa 299,852.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Kwa jinsi vipimo vyake vilivyotawanyika, wastani wa vipimo 100 ulitakiwa kukosea kwa kilomita 8 hivi, au 16 ukitaka kuwa na tahadhari. Lakini kwa marekebisho aliyotumia Michelson mwenyewe, namba sahihi ya kulinganisha na vipimo hivyo ni 299,734 hivi. Michelson alizidisha kwa 118, karibu mara 15 ya kosa lililotarajiwa. Kurudia mara 100 kulipunguza kuyumbayumba kwa mkono na jicho. Hakukugusa kosa lililokaa ndani ya mitambo yenyewe, kwa sababu hilo lilikuwemo katika vipimo vyote. Kwa haki yake, alipotoa jibu la mwisho la mwanga usiopita hewani, 299,910, alisema huenda amekosea kwa 50, si kwa 8. Hata hiyo haikutosha.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi, na sokoni tunauona kila siku. Mwaka 1935, miaka minne baada ya Michelson kufariki, wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lake la mwisho: 299,774. Waliofuata wakapata namba za jirani. Mwaka 1941 Raymond Birge alizikusanya, akatoa 299,776, akisema kosa lake ni 4 tu. Baada ya vita, Louis Essen wa Uingereza na Erik Bergstrand wa Sweden, kila mmoja kwa njia yake mpya, wakapata karibu 299,793. Birge alikuwa amekosea kwa 16 au 17, mara nne ya alichoahidi.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya kibinadamu. Mtafiti akipata namba iliyo mbali na ya mkubwa wake, husaka kosa. Akipata iliyo karibu, huacha kusaka. Mwaka 1986 Max Henrion na Baruch Fischhoff walipitia vipimo hivyo vya zamani na kuonyesha kwamba watafiti walikuwa wakijiamini kupita kiasi. Katikati ya mkanganyiko huo Gheury de Bray alikuwa ameshadai kwamba mwanga wenyewe unapungua kasi!

Wauzaji kumi wakirekebisha mizani zao zilingane na ya tajiri mmoja, huna mashahidi kumi.

Si kila kosa ni la aina hiyo. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania, kisha ikayaruhusu kwa cheti cha sumukuvu chini ya sehemu 10 kwa bilioni, tatizo la wenye mzigo lilikuwa kinyume: sumu hukaa katika punje chache, hivyo sampuli mbili za gunia moja zaweza kutofautiana sana. Hapo kuchota sampuli nyingi kunasaidia kweli.

Kwa mizani ya Kabanga, kupima mara ya kumi hakusaidii. Wakala wa Vipimo wa Tanzania huhakiki mizani za biashara na kuzitia alama, basi itazame alama hiyo na tarehe yake. Kisha omba jiwe lililohakikiwa la kilo 20, lisiwe la mnunuzi wala lako, liwekwe juu ya mizani hiyohiyo. Likisoma 19.4, gunia lako halikupungua kitu.