Mtoto akifunga choo: papai la uani lina kazi kubwa

Katika kata ya Ndandalo, wilayani Kyela, mtoto anayeanza kuachishwa ziwa hukutana na wali, ndizi za kupika, uji wa unga uliochekechwa na kikombe cha maziwa. Ni vyakula vizuri, na mchele wa Kyela unasifika hadi Dar es Salaam. Lakini vikiwa ndivyo anavyokula asubuhi hadi usiku, mtoto anakosa nyuzinyuzi zinazolainisha choo. Mama hulijua hilo siku anapomwona mwanawe amechuchumaa, amekunja uso, analia, na kinachotoka ni vigololi vikavu kama vya mbuzi.

Madaktari husema mtoto amefunga choo anapopata haja kubwa mara mbili au pungufu kwa wiki, au choo kinapokuwa kigumu na kumuuma hata kama anakwenda kila siku. Idadi ya siku peke yake isikutishe. Mtoto anayenyonya anaweza kupitisha siku kadhaa bila choo, kisha kikatoka laini, na asiwe na tatizo lolote.

Utumbo mpana hunyonya maji. Kadiri choo kinavyokaa humo ndivyo kinavyokauka, na mtoto aliyeumia mara moja hasahau. Safari inayofuata anajificha nyuma ya mlango, anasimama kwa ncha za vidole, anabana makalio. Wengi wetu tukimwona hivyo tunadhani anasukuma, kumbe anazuia. Choo kinazidi kukauka, na kinachofuata kinauma zaidi. Hali hiyo ikiendelea kwa wiki nyingi, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka na kupoteza hisia ya kujaa. Choo chepesi hupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo. Hapo ndipo mtoto anapochapwa kwa kosa lisilo lake, au anapewa dawa ya kuzuia kuharisha wakati anachohitaji ni kinyume chake. Inasikitisha, kwa sababu maumivu hayo yangeweza kuzuiwa mapema kwa chakula.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2010 kuwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 apate nyuzinyuzi gramu 10 hivi kwa siku. Gramu 100 za wali mweupe zina chini ya gramu 1. Gramu 100 za parachichi zina zaidi ya 6, na maharage yaliyochemshwa nayo yamo katika kiwango hicho. Kwa hiyo vipande vichache vya parachichi linaloshuka kutoka Tukuyu, vikipondwa na kuchanganywa kwenye wali wa mchana, vinabadilisha hesabu nzima ya siku hiyo. Maharage yapondwe pamoja na maganda yake. Mtu akiyachuja kwa kuhofia tumbo la mtoto, anatupa kile kile kinachotakiwa. Matembele, mchicha na majani ya maboga yakatwe madogo, yaive vizuri. Uji wa dona una faida zaidi kuliko wa sembe.

Papai lililoiva ni rafiki wa mtoto, kwa sababu lina maji mengi, ni laini, na hata asiye na meno ya kutosha analimudu. Embe nalo lina sifa yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, waliwagawa watu wazima waliokuwa wakifunga choo katika makundi mawili: wengine walikula embe kila siku kwa wiki nne, wengine walipewa nyuzinyuzi za unga za kiasi kile kile. Wote walipata nafuu, ila wa embe walipata zaidi. Hawakuwa watoto, hivyo tusiligeuze embe kuwa dawa, lakini msimu wake ukifika hakuna sababu ya kumnyima mtoto.

Ndizi ina mambo mawili. Ikiwa mbichi imejaa wanga ambao utumbo mwembamba haukamilishi kuumeng'enya, na utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa ndizi mbichi iliyopikwa husaidia kupunguza kuharisha kwa muda mrefu kwa watoto. Mtoto aliyefunga choo hahitaji msaada wa namna hiyo. Mbalaga, yaani ndizi mbichi za kupikwa, ipumzishwe kwa siku chache, apewe ndizi iliyoiva hadi madoadoa, ambayo wanga wake umekwisha kugeuka sukari.

Maziwa ya ng'ombe nayo yaangaliwe. Mwaka 1998 watafiti wa Palermo, Italia, waliwachunguza watoto 65 waliofunga choo kwa muda mrefu. Walipoacha maziwa ya ng'ombe na kupewa ya soya, 44 kati yao walipata nafuu. Walipokuwa wakinywa ya ng'ombe, hakuna hata mmoja. Watoto hao walikuwa wameshindwa kupona kwa tiba za kawaida, kwa hiyo usimwachishe mwanao maziwa kwa kusoma makala hii. Punguza kwanza. Nusu lita kwa siku inamtosha mtoto aliyezidi mwaka mmoja, na zaidi ya hapo anashiba kabla hajagusa mboga. Ziwa la mama ni jambo jingine: liendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Kyela ni joto, na mtoto anayecheza hadi kutoka jasho anahitaji maji. Yawe yamechemshwa, apewe kidogo kidogo siku nzima. Hata hivyo, kumjaza maji mtoto ambaye tayari anakunywa vya kutosha hakulainishi choo. Ziada hutoka kama mkojo. Juisi ya matunda halisi, isiyoongezwa sukari, inafaa kwa kiasi kisichozidi mililita 120 kwa siku, na tunda zima ni bora kuliko juisi iliyochujwa. Chai na soda si mbadala wa maji. Asali asipewe kabisa aliye chini ya mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vijidudu vyenye sumu hatari kwake.

Chakula kinapoingia tumboni, utumbo mpana huamka. Tumia wakati huo: mkalishe kwenye poti dakika 5 hadi 10 baada ya kula, miguu ikanyage chini, bila kumkemea. Tundu la choo cha shimo linamtisha mtoto mdogo, na mwenye hofu hubana.

Sabuni isichomekwe kwenye njia ya haja kubwa, wala mtoto asiingiziwe maji ya mitishamba kwa njia hiyo. Huunguza, huweza kumletea sumu, na humwongezea hofu ile ile inayomfanya abane. Zipo dawa salama za kulainisha choo, kama laktulosi, ambazo mhudumu wa afya huzipima kwa uzito wa mtoto, na mara nyingi hutumika kwa wiki au miezi, si siku mbili.

Mpeleke zahanati au Hospitali ya Wilaya ya Kyela bila kusubiri papai ikiwa tumbo limevimba na kukaza, anatapika, ana homa, choo kina damu, haongezeki uzito, au yuko chini ya miezi sita. Mweleze daktari pia ikiwa baada ya kuzaliwa alikaa zaidi ya saa 48 bila kupata choo cha kwanza. Hiyo yaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa Hirschsprung, ambao humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000: sehemu ya utumbo haina mishipa ya fahamu ya kusukuma choo, na tiba yake ni upasuaji.