Picha za Ng'ombe na Nchi Kavu ya Isiolo

Mtu atokaye Nanyuki kwa njia ya Timau, akifika pale ambapo mashamba ya ngano yanakoma na barabara kuanza kuteremka, huiona nchi ya kaskazini imefunuka mbele yake kama mkeka uliotandazwa. Kuna nyanda za rangi ya kahawia, milima iliyosimama mmoja mmoja, na, siku isiyo na vumbi, jabali la Ololokwe mbali kabisa. Mji wa Isiolo uko chini huko, zaidi ya mita elfu moja chini ya mashamba yale. Wapenda picha wengi husimamisha gari hapo, nao karibu wote hupiga picha ile ile. Ni picha nzuri. Lakini aliyekwisha kuiona mara moja hana haja ya kuiona mara ya pili.

Wenyeji wa Isiolo hupendelea picha ya namna nyingine. Mborana, Msamburu, Mturkana au Msomali aliye na simu yenye kamera hatashughulika sana na milima, kwa kuwa milima haiendi mahali. Yeye hupiga picha ya ng'ombe. Picha hizo hupelekewa ndugu walioajiriwa Nairobi, wanafunzi walio mbali na nyumbani, na wenzi wa mchezo huu ambao pengine hawajapata kukutana uso kwa uso. Hukumu yao haina huruma. Fahali akipelekwa, majibu hayachelewi: mmoja auliza mbona miguu ya nyuma imefichwa na majani, wa pili ataka kujua mama yake ni yupi, na wa tatu asema kwamba nundu imelala upande, basi mnyama huyo amekwisha kuona njaa. Hakuna asemaye neno juu ya wingu zuri lililo nyuma yake.

Wana haki. Picha ya ng'ombe ina kanuni zake, na wafugaji wa ng'ombe wa Boran, ambao chama chao cha wazalishaji kiliundwa nchini Kenya mwaka 1951, wanazijua tangu zamani. Mnyama husimamishwa ubavu, mahali palipo sawa, kwato zikionekana. Mpiga picha husimama mbali kidogo, akiielekeza kamera katikati ya mbavu, wala si kutoka juu kama mtu mrefu amtazamavyo mtoto. Maana picha ya juu hufupisha miguu, na picha ya karibu mno hukuza kichwa na kupunguza mapaja. Jua na liwe mgongoni mwa mpiga picha. Hapa karibu na mstari wa ikweta jua la saa sita husimama utosini, na mnyama mweupe hupoteza mbavu zake zote katika mwanga huo. Saa za kufaa ni zile za asubuhi, ng'ombe wakitoka zizini, na za jioni wakirudi. Vumbi la jioni huvutia sana machoni, lakini huficha mnyama, na tena huingia ndani ya kamera. Zaidi ya hayo, mtu mmoja asimame karibu na ng'ombe, ili atazamaye apate kipimo cha urefu. Mnunuzi aliye mbali hukataa kuamini fahali aliyesimama peke yake, na pengine hakosei.

Zamani kazi hii ilikuwa ya watu wachache. Wakati wa serikali ya kikoloni, Isiolo ilikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na hakuna mgeni aliyepita bila kibali. Ng'ombe nao waliotoka kaskazini walizuiliwa hapo katika karantini, kwa kuogopa homa ya mapafu, kabla ya kuruhusiwa kwenda kuuzwa. Kamera zilikuwa mikononi mwa maofisa na wasafiri. Filamu ilikuwa ghali, joto liliiharibu, na ilipasa kupelekwa mbali kusafishwa, kisha mtu angoje. Picha za Isiolo zilizojulikana kuliko zote ulimwenguni zilitokana na nyumba ya Bwana George Adamson, askari mkuu wa wanyama, na mkewe Joy, waliomlea simba Elsa tangu mwaka 1956. Kitabu cha Joy Adamson kilichotoka mwaka 1960 kilizipeleka picha hizo katika nchi nyingi. Simba mmoja, basi, alipigwa picha nyingi kuliko makundi ya ng'ombe wa wilaya nzima.

Jambo hilo lina uzito wake. Katika vita vya mwaka 1963 hadi 1967, Waborana wa Waso walipoteza sehemu kubwa ya mifugo yao. Wengine walipigwa risasi, wengine walichukuliwa, na wengi walikufa kwa kukosa malisho wakati watu walipokusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Mtaalamu wa Kiswidi, Gudrun Dahl, aliyeandika juu ya watu hao katika kitabu kilichotolewa mwaka 1979, alieleza jinsi jamaa nyingi zilivyobaki maskini. Picha za makundi yale ni adimu sana. Wazee huwataja ng'ombe wao kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo wa mama zao, na wajukuu husikiliza, lakini hakuna cha kuwaonyesha. Asiyejua habari hiyo aweza kudhani kwamba kijana apigaye picha kila mtamba wa baba yake ana upuuzi tu.

Siku hizi shida si uchache wa picha. Shida ni kwamba picha hutembea upesi kuliko habari zake.

Malisho ya Isiolo hayako wazi kwa kila mtu wakati wowote. Kwa desturi ya Waborana, wazee wa dedha ndio waamuao ni wapi palishwe wakati wa mvua, ni wapi wakati wa kiangazi, na ni wapi paachwe kabisa mpaka ukame mkali utakapofika. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wazee hao walikaa pamoja na wataalamu mbele ya picha zilizopigwa kutoka angani, wakaonyesha visima, mapito na nyanda za akiba mpaka zikachorwa ramani. Kabla ya kundi kuhama, watu hutumwa kwanza kwenda kupeleleza: majani ni ya namna gani, maji yako kina gani, kuna ugonjwa au hakuna, na ni nani amekwisha kufika.

Sasa picha humtangulia mpelelezi. Mtu aliye upande wa Merti apiga picha ya bonde lililo kijani, aipeleka kwa rafiki zake wapenda picha kwa ajili ya uzuri wake tu, na rafiki zake waipeleka kwa wengine. Ikimfikia mwenye ng'ombe wenye njaa, kwake yeye si mandhari; ni wito. Kama picha ile ni ya mwaka uliopita, au ni ya wilaya nyingine, kundi laweza kwenda siku nne kufuata majani ambayo hayapo, na ng'ombe dhaifu hawana nguvu za kurudi. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliposhindwa mfululizo na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili, siku nne zilitosha kumaliza kundi. Hivyo wapenda picha walio waangalifu wameshika desturi ya kuandika siku na mahali chini ya kila picha ya nchi. Wengine huwacheka, wakisema huo ni ukarani. Na uwe ukarani. Karani mwema huweka tarehe.

Manufaa ya uangalifu huo yalionekana wazi tarehe 30 na 31 Januari 2016. Siku hizo watu wa kila namna, wenyeji na wageni, walienea katika Isiolo, Samburu, Marsabit, Laikipia na Meru kuwapiga picha punda milia wa Grevy. Mnyama huyo mwenye milia myembamba alipewa jina la Jules Grévy, Rais wa Ufaransa, aliyepelekewa mmoja kutoka Uhabeshi mwaka 1882. Wapiga picha waliambiwa jambo moja jepesi, yaani wapige ubavu wa kulia, na kamera ziwe zimewekwa saa na mahali. Zilikusanywa picha zaidi ya 40,000. Kwa kuwa milia ya mmoja hailingani na ya mwingine, kompyuta zikawatambua wanyama mmoja mmoja, na hesabu ikakadiriwa kuwa kama 2,350. Picha nyingi katika hizo hazingepata tuzo katika maonyesho yoyote. Kadhalika mwaka 2020, nzige wa jangwani walioingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019 walipofika Isiolo, picha za simu zilizokuwa na alama ya mahali ziliwasaidia wataalamu kujua makundi yalipotua.

Mchungaji atasema kwamba hakuhitaji kompyuta kumjua mnyama kwa alama zake, na atakuwa amesema kweli. Lakini ng'ombe akiibwa, elimu iliyo kichwani mwa mchungaji ni vigumu kuionyesha mbele ya polisi. Hapo ndipo picha inapokuwa shahidi: ubavu mmoja, ubavu wa pili, alama ya sikio, chapa ya moto, na pua. Tangu mwaka 1922 wataalamu wameeleza kwamba mistari ya pua ya ng'ombe hailingani na ya mwingine, kama vile vidole vya binadamu. Pua yapasa kufutwa kwanza, na ng'ombe hapendi kufutwa pua; mwenye subira ndiye apataye picha hiyo.

Mwizi naye ana simu. Alama ya mahali imsaidiayo mzee wa dedha yaweza kumwonyesha mwizi ni bonde lipi lina fahali walionona na vijana wawili tu wa kuwalinda. Katika hifadhi za vifaru wageni huonywa kuzima alama hiyo kabla ya kupiga picha, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo wapenda picha wenye busara hutenganisha mambo mawili. Picha ya majani hupelekwa pamoja na siku na mahali kwa wale wapaswao kujua. Picha ya ng'ombe huonyeshwa baada ya kundi kuondoka, na mahali huachwa. Na kabla ya yote mwenyewe huombwa ruhusa. Mgeni ashukaye garini na kuanza kupiga picha kundi la watu kisimani, bila salamu, asishangae akiambiwa aondoke.

Wako watu wengine, wachache, ambao mchezo wao ni wa polepole zaidi. Huchagua mahali pamoja, kama ukingo wa Ewaso Ng'iro karibu na Archer's Post, nao hupiga picha kutoka jiwe lile lile mwezi kwa mwezi. Mto huo ulifurika Machi 2010 ukazoa kambi zilizokuwa kandokando yake, na katika miaka ya ukame hukauka, watu wakachimba mchanga kutafuta maji. Picha zikipangwa pamoja, huonekana ukingo ukimomonyoka, mti uliokuwapo ukitoweka, na mathenge, kichaka cha miiba kilicholetwa kutoka ng'ambo, kikienea mahali palipokuwa na majani. Nyuma ya kila picha, au chini yake katika simu, huandikwa siku, saa, na kama maji yalikuwapo. Ng'ombe wakiwamo, huandikwa rangi zao na hali ya miili yao. Idadi haiandikwi, mwenye ng'ombe hapendi wahesabiwe.