Zima na chomoa: tofauti ya matumizi

Kitenzi zima hubeba maana mbili ambazo kanuni za umeme huzitenganisha. Runinga iliyozimwa kwa rimoti imo katika hali ya kusubiri: taa nyekundu huwaka, nayo husubiri amri. Katika hali ya kuzimwa haisubiri lolote, lakini ingali kwenye soketi na yaweza kuvuta umeme. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2019/2021, inayotumika tangu Machi 2021, huweka kikomo cha wati 0.3 kwa hali hii. Kwa mwaka mzima, takriban uniti 2.6. Hivyo, mfasiri asiandike “haitumii umeme”. Kwa anayenunua umeme wa LUKU Nyabibuye, mkoani Kigoma, kitenzi kinachokomesha matumizi ni chomoa: “Zima runinga, kisha ichomoe.”